Bado Sijajibiwa

Kila Jumapili asubuhi, kati ya matangazo na mahubiri, kuna robo saa ambayo muumini wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tandale huitambua hata kama alikuwa anasinzia. Mwongoza ibada anauliza kama kuna mwenye neno la kumshukuru Mungu. Mstari unajipanga. Wa kwanza mwanawe amefaulu kidato cha nne. Wa pili alikuwa na kesi ya kiwanja Chanika, miaka sita ya kupigwa kalenda kwenye baraza la ardhi, na sasa hati iko mkononi. Wa tatu alipangiwa upasuaji, akaenda kupimwa tena, uvimbe hauonekani. Kila mmoja anaanza na "Bwana Yesu asifiwe", kanisa linaitikia "Amina", na vigelegele vinagonga mabati.

Mhadhara huu unamhusu yule ambaye hakusimama.

Amekaa karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Amefunga, amekesha, amewekewa mikono na watumishi watatu tofauti, na mtoto aliyemwombea bado anaanguka kifafa. Anawapigia makofi wenzake, na makofi yake ni ya kweli. Jioni, akiwa peke yake jikoni, linamjia swali ambalo hathubutu kulitamka kanisani: kama Mungu anawasikia hawa wote, mbona kwake amenyamaza? Mama huyu si mtu mmoja wa kutajwa jina. Kila usharika unaye, kila parokia inaye, na mara nyingi ndiye anayefagia kanisa Jumamosi.

Sensa ya 2022 iliikuta wilaya ya Temeke ikiwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Wangapi kati yao ni Wakristo, takwimu rasmi hakuna, kwa kuwa tangu 1967 sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu. Sikio ndilo linalohesabu. Atakayetembea kutoka Zakhem hadi Rangi Tatu Ijumaa usiku ataona kwamba spika za mkesha mmoja zinapoishia, za mkesha mwingine zinapokea. Katika vitongoji hivi Mungu anaitwa kwa sauti kubwa sana, na pengine ndiyo sababu ukimya wake, pale unapotokea, unamwelemea mtu kuliko ambavyo ungemwelemea kijijini.

Desturi yenyewe ya kusimama na kushuhudia ina historia, na historia hiyo inafaa kukumbushwa. Katika Tanganyika iliota mizizi kuanzia miaka ya 1930 pamoja na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, ukaenea Uganda na kuingia Bukoba. Ndugu wa Uamsho waliposimama mbele ya wenzao walikuwa wanaungama. Mtu alitaja alichoiba, kisha akakirudisha kwa mwenyewe. Mume na mke walitoleana vinyongo. Mwafrika na mmisionari Mzungu waliombana radhi hadharani, jambo lisilo dogo enzi zile za ukoloni. Wenyewe waliita jambo hilo kutembea nuruni. Ushuhuda ulikuwa habari ya upungufu wa mtu na neema iliyomkuta humohumo, kwa hiyo hata aliyekuwa bado gizani alikuwa na la kusema.

Katika moto huo ndimo alimookoka Josiah Kibira, kijana wa Buhaya aliyezaliwa 1925. Alifanywa askofu wa Walutheri wa Bukoba mwaka 1964, na mwaka 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipofanya mkutano wake mkuu hapahapa Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Miaka yake ya mwisho aliishi na ugonjwa wa Parkinson, unaomtetemesha mtu mikono na kumwibia mwendo na sauti kidogo kidogo. Alifariki 1988 bila kuponywa. Yuko wapi leo mtumishi wa kusimama kwenye viwanja vya mikutano vya Biafra na kipaza sauti chake, atangaze kwamba Kibira alipungukiwa imani?

Kuanzia miaka ya 1980 ushuhuda ulibadilika. Mashirika ya umma yalipunguza watu, viwanda vikafungwa, na Temeke, wilaya iliyolelewa na viwanda na bandari, ikajaa watu wa kubangaiza. Mikutano ya injili ilifurika viwanja vya Biafra kule Kinondoni na Mwembeyanga upande wa Temeke. Redio na televisheni binafsi zilipoanza miaka ya 1990, ushuhuda ukapata soko pana zaidi, na soko hupenda bidhaa inayong'aa. Kuungama kukapisha kupokea: gari, viza, mchumba, nyumba ya Goba. Si haki kuwacheka watu kwa hilo. Asiye na mshahara, asiye na bima, asiye na mjomba serikalini, akamwombe nani?

Kisa kinachoifunua hali hii kuliko vingine kilitokea mbali na Dar es Salaam, ingawa abiria wengi walitoka huku. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alitangaza kwamba Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa mugariga na namna ya kuchemsha mizizi yake. Kikombe kimoja kwa shilingi 500: kisukari, pumu, saratani, UKIMWI. Sharti lilikuwa moja, mgonjwa anywe kilichotoka mkononi mwa Babu, kama watu walivyomwita Mwasapila, maana kikitolewa na mwingine hakifanyi kazi. Mabasi na Land Cruiser vilijaza njia ya vumbi hata foleni ikawa inapimwa kwa kilomita. Watu walilala magarini siku kadhaa. Wagonjwa mahututi walitolewa wodini, na wako waliofia njiani kabla ya kukiona kikombe. Mawaziri walikunywa. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwa muda ili foleni ipungue.

Waliokicheka kikombe kutoka ofisi zenye viyoyozi waliukosa utamu wa habari. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko soda mbili, na Babu hakudai mtu apande mbegu ya laki mbili kwanza. Gharama ilikuwa nauli, na nauli hiyo koo nzima za Yombo na Tandika zilichangishana. Kwa mara hiyo moja tajiri na maskini walipanga foleni moja. Ndiyo maana watu waliamini kwamba hatimaye Mungu amesema, na amesema kwa bei ya mlalahoi.

Kisha wakarudi nyumbani. Kabla mwaka haujapita sana foleni ilikwisha, na wenye virusi walikuwa bado na virusi. Wako waliokuwa wameacha dawa za kufubaza, zilizokuwa zikitolewa bure na serikali tangu 2004, kwa kuona kwamba kumeza kidonge baada ya kikombe ni kumtilia Mungu shaka. Hao ndio waliohitaji mahubiri kuliko watu wote. Waliambiwa kuna sauti, wakaitii kwa nauli na kwa miili yao, halafu mwili haukuitika. Mimbari nyingi zilihamia mada nyingine. Mwasapila alipofariki Julai 2021 magazeti yaliikumbuka foleni. Waliorudi wagonjwa hawakuwa habari.

Labda kwa baadhi yao jibu lilikuwa limetangulia kabla ya safari, kwenye dirisha la dawa la hospitali ya Temeke, bila ndoto wala Land Cruiser. Wazo hilo linasaidia, lakini lisifanywe dawa ya kila ugonjwa. Wako wanaomeza vidonge kwa saa, wanaomba kwa machozi, na bado wanazika.

Tena foleni za namna hiyo hazikuishia Loliondo. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa.

Kukosa jibu kunauma, lakini katika vitongoji hivi kuna kinachouma zaidi, nacho ni maelezo yanayofuata. Msamiati wake unajulikana. Umefungwa. Kuna madhabahu ya ukoo wenu inayonena. Kuna dhambi hujaitubu. Sadaka yako hailingani na unachokiomba. Maelezo haya yanatofautiana kwa sura, lakini kazi yao ni moja: Mungu anatolewa kwenye kesi, mwombaji anapandishwa kizimbani. Aliyekuja na mzigo mmoja anaondoka na miwili, na ule wa pili amebebeshwa kanisani.

Wakazi wa Mbagala wana sababu yao ya kuyakataa maelezo hayo. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi lililokuwa katikati ya makazi yao lililipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Chini ya miaka miwili baadaye, Februari 16, 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Mwaka 2012, Oktoba 12, ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu uliishia kwa makanisa kadhaa ya Mbagala kuchomwa moto na kuvunjwa. Ndani ya nyumba zilizobomolewa na mabomu walikuwamo waliotubu na wasiotubu, watoa zaka na wakwepa zaka. Bomu haliulizi ukoo.

Biblia yenyewe ina kitabu kizima kuhusu kosa hili la kueleza. Elifazi, Bildadi na Sofari walipopata habari za Ayubu walikwenda wakakaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Hadi hapo walikuwa marafiki wa kupigiwa mfano. Walipofungua midomo kumpa sababu ndipo walipoharibu, na mabishano yakaendelea sura kwa sura, Mungu akiwa kimya. Anaposema hatimaye, katika sura ya 38, anaanza na misingi ya dunia, anaendelea na mvua ya mawe na mbuni, na juu ya majipu ya Ayubu hasemi kitu. Hasira yake mwishoni haimwangukii Ayubu, aliyelalamika hata kumtaka Mungu waonane kwenye hukumu. Inawaangukia wale watatu, waliojifanya mawakili wake. Ni ajabu kwamba kitabu hiki kinasomwa sana misibani na kinatiiwa kidogo sana kwenye maombezi.

Mwanzo wa kitabu hicho, ule wa kukaa bila neno, watu wa Dar es Salaam wanaujua kwa vitendo. Msiba ukitokea Keko au Kijitonyama, turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, na majirani wanakuja kukaa. Mkeka hauulizi nani Mwislamu nani Mkristo. Kazi ya aliyekuja ni kukaa: anatoa pole, ananyamaza, akiona sufuria chafu anaosha. Hakuna anayemwuliza mfiwa amemkosea nini Mungu. Ni siku ya maziko, mtu akishashika kipaza sauti, ndipo Elifazi anapoingia. Anatamka kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Anaongeza kwamba marehemu alipendwa na wengi lakini Mungu amempenda zaidi. Maneno hayo yamezoeleka hadi yanachapwa kwenye fulana, na yanasemwa kwa nia njema. Ila yamemjibia Mungu kabla yeye hajasema, na mama aliyempoteza binti wa miaka tisa anaelewa, kwa adabu, kwamba akiendelea kulia sasa anabisha.

Waisraeli wa kale walikuwa na ruhusa ya kubisha. Katika kitabu cha Zaburi maombolezo ni mengi kuliko aina nyingine yoyote ya zaburi. Nyingi zao huanza kwa kilio na kumalizia kwa shukrani, lakini ya 88 haimalizii hivyo. Inamwita Mungu mchana na usiku, inamlaumu kwa kuuficha uso wake, na neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya kitabu wangeweza kuiacha. Waliiweka, na ikaimbwa hekaluni. Mwombolezaji wa Zaburi ya 22, anayelia kwamba ameachwa, naye alikopwa maneno yake na Yesu msalabani, na Mathayo na Marko wakakiandika kilio hicho bila kukipunguza makali. Kwaya za Temeke ni hodari, zina sare, kinanda na video, lakini zaburi ya 88 haina zamu kwenye ratiba zao.

Kuna mtu aliyeishi ndani ya zaburi hiyo karibu miaka 50, na Tanzania ilimpokea bila kujua. Mwaka 1968 Mama Teresa wa Kolkata alifungua nyumba ya masista wake Tabora. Wenyeji waliona sari nyeupe zenye pindo la buluu, waliona tabasamu, waliona wazee na watoto wakiogeshwa. Barua zake zilipochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, ndipo ulimwengu ulipojua yaliyokuwa nyuma ya tabasamu hilo. Mwaka 1946, akiwa kwenye treni ya kwenda Darjeeling, alisikia akiitwa kuwahudumia maskini kabisa. Ilimchukua miaka miwili kupata ruhusa. Alipoingia tu mitaa ya mabanda kuanza kazi aliyoitiwa, sauti ilinyamaza. Isipokuwa kitambo kifupi mwaka 1958, hakuisikia tena hadi anakufa 1997.

Siku alipofika Tabora, basi, alikuwa na takriban miaka 20 ya kusali bila kuhisi kuna anayesikiliza. Alikuwa ameshawaomba wakuu wake wazichome barua hizo, hawakuzichoma. Kanisa Katoliki lilizisoma, likazipima, kisha likamtangaza mtakatifu mwaka 2016. Kwa maneno mengine, kanisa halikuona kwamba ukimya ule ulikuwa ushahidi dhidi yake. Na kati ya barua hizo kuna alizomwandikia Yesu mwenyewe, akimlalamikia kwamba hayupo. Hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mtu aliyekwisha kukata tamaa na Mungu haandiki barua kwa Mungu; anawaandikia wengine, au haandiki. Teresa aliendelea kumsemesha asiyejibu, na asubuhi yake aliamka kwenda kwa wagonjwa. Imani iliyobaki kwake ilikuwa hiyo, isiyo na hisia yoyote ya kuisindikiza, na ilitosha kujenga nyumba Tabora.

Lakini Teresa alikuwa na kengele ya alfajiri, ratiba ya shirika na wenzake wa kusali nao hata siku ambayo moyo umekauka. Mama wa Mbagala ana nini? Ana jumuiya.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha kazi yao. Walutheri nao wana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Mambo yenyewe ni ya kawaida sana. Nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinakutana sebuleni kwa mtu, viti vingine vimeazimwa kwa jirani, anasoma fundi cherehani, anaongoza mwalimu mstaafu. Kasoro zake zinajulikana: daftari la mahudhurio, michango isiyokwisha, na hofu ya baadhi ya watu kwamba asiyehudhuria atakuja kunyimwa maziko ya kanisa. Pamoja na hayo, sebule ile ina kitu ambacho uwanja wa mkutano wa injili hauna. Inamjua mtoto kwa jina. Inajua ni siku gani alianguka, dawa imeisha lini na nani alikwenda kumchukulia. Mama akishindwa kuomba, wenzake wanaomba, naye anakaa tu, kama kwenye mkeka wa msiba.

Injili ya Marko, sura ya pili, inao watu wa namna hiyo. Wanne wanambeba mwenye kupooza, wanazuiwa na umati, wanapanda juu na kutoboa paa. Mwandishi anasema Yesu aliiona imani yao. Yao, si yake. Mgonjwa katika kisa kile hatamki neno hata moja kuanzia anapobebwa hadi anapoondoka na mkeka wake. Wahubiri hupenda kumalizia kwenye uponyaji, na hawakosei. Ila kabla ya uponyaji kuna mtu aliyefikishwa mbele ya Yesu kwa imani ya majirani.

Kwa hiyo ombi la mhadhara huu kwa wachungaji, mapadre, wainjilisti na wazee wa kanisa wa Temeke na Kinondoni ni dogo, nalo linawezekana Jumapili ijayo. Mstari wa shuhuda ukishajipanga, mwiteni na yule wa karibu na mlango. Asikemewe pepo, asipewe namba ya kutumia sadaka, asielezwe sababu. Mpeni kipaza sauti aseme "bado", kanisa liitikie "Amina" kwa sauti ileile liliyomwitikia mwenye hati ya kiwanja. Ibada ikiisha, wawili wa jumuiya yake wamsindikize hadi nyumbani na kupanga naye safari ya kesho. Mtoto ana kliniki Jumatatu asubuhi, daladala za saa kumi na mbili zinajaa, na mtoto mwenye kifafa hawezi kugombania mlango akiwa na mama yake peke yake.